Kamera ya dashibodi kwenye gari linalolala nje: inamwona nani?

Ukipita mchana Sinza, Kijitonyama, Magomeni au Tabata, jijini Dar es Salaam, magari yanayolala nje utayajua kwa alama moja: namba za usajili zimechorwa kwenye saitimira (vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma), kwenye taa za mbele, mengine hadi kwenye vioo vya milango. Wenyewe hawakuchora kwa urembo. Kioo cha saitimira hung'olewa kwa sekunde chache, kikaingia kwenye begi, na kesho yake kinaweza kuwa dukani kwenye mtaa wa vipuri wa Gerezani kikisubiri mteja. Utani wa mjini unasema mteja mwenyewe ndiye aliyeibiwa. Namba iliyochorwa inamtia kioo hicho mkosi, maana nani anataka kununua kioo chenye namba ya gari la mtu mwingine?

Miaka ya karibuni imeingia kinga nyingine, kamera ya dashibodi. Kazi yake ya asili ni kurekodi barabara unapoendesha, lakini nyingi siku hizi zina hali ya maegesho: gari likishazimwa, kamera inabaki macho, na ikihisi mtikisiko au mtu akipita mbele yake inarekodi. Wauzaji wanaisifu kuwa ni mlinzi asiyesinzia wala asiyedai mshahara. Wanaoibeza wanasema ni pambo tu, na kwamba mwizi ataondoka na vioo, kisha na kamera yenyewe juu yake. Kwa maoni yangu kila upande una mharibifu wake kichwani. Kamera hii inamweza mmoja vizuri na kumshindwa mwingine kabisa, kwa hiyo kabla hujatoa hela ujue ni yupi anayekusumbua.

Anayewezwa ni yule anayekugonga na kuondoka. Maegesho ya supamaketi, ya msikitini siku ya Ijumaa, ya kanisani, ya baa: gari linarudi rivasi, linabonyeza bampa lako la mbele, dereva anashuka, anatazama kulia na kushoto, anarudi ndani na kutokomea. Kwa kishindo cha namna hiyo kamera huamka, na faili linafungwa lisifutwe. Namba ya gari inasomeka, hasa mchana. Ukishakuwa na namba, umeshamjua nusu. Kupitia mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, unaweza kuona gari hilo lina bima ya kampuni gani, na polisi watakuwa na pa kuanzia. Mtu huyu si jambazi. Ana gari, ana kazi, ana jina analolilinda, na akioneshwa video maneno yake huwa machache na malipo hupatikana bila kelele. Vivyo hivyo kwa jirani mnayegombea naye kivuli cha mwembe, aliyeamua kukukwaruzia boneti kwa ufunguo. Hapo video ina nguvu kwa sababu sura unaijua tayari.

Kwa mwizi wa saitimira ni habari nyingine. Jirani yangu alinionyesha video ya usiku alioibiwa vioo vyote viwili. Mwanzoni unaona ukuta, mwarobaini, na mwanga wa taa ya mtaani. Kijana mwenye sweta la kofia anaingia kutoka kulia, anatembea taratibu kama anayerudi kwake, anapita mbele ya boneti bila kuligusa gari, anatokea kushoto. Basi. Kinachofuata ni ukuta na mwarobaini mpaka faili linaisha. Vioo viling'olewa dakika hizohizo, lakini mkono uliovitoa haumo, na kofia ilikuwa imefunika uso hadi puani.

Sababu ni jiometri tu. Lenzi ya kamera nyingi inaona nyuzi 140 hivi, ikitazama mbele kupitia kioo kikubwa. Saitimira zipo ubavuni, nje ya upeo huo. Kwa maneno mengine, kitu kinachoibwa zaidi kwenye gari la Dar kipo mahali ambapo kamera ya kawaida haitazami. Kihisi cha mtikisiko nacho hakisaidii sana, maana mwizi mzoefu hatikisi. Ukikiongeza ukali kiamke kwa mguso mdogo, kitaamshwa na kila lori linalopita, kila paka atakayeruka juu ya boneti, na kadi itajaa mafaili ya upuuzi.

Zipo kamera za macho mawili, moja likitazama nyuma, na zipo zinazotazama ndani ya gari kwa taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), ambazo huona kiasi kupitia vioo vya milango. Kwa gari lenye vioo vyeupe hilo ni afadhali. Lakini wengi wetu tumeweka tinti, na mwanga wa infraredi ukigonga kioo cheusi unarudi kwenye lenzi. Unachopata usiku ni picha safi ya viti vyako.

Halafu kuna betri, na hapa ndipo ndoa nyingi za watu na kamera zao huvunjika. Nenda kwa fundi umeme akufungie waya za maegesho, utamwona akishika nyaya tatu: nyeusi anaifunga kwenye bodi, nyekundu anaipeleka kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwashwa, ya njano kwenye fyuzi isiyokatika kamwe. Hiyo ya njano ndiyo inayokula betri usiku kucha. Kamera ikirekodi mfululizo hutumia kama ampea 0.3. Kwa usiku wa saa 10 ni ampea-saa 3, jambo dogo kwa betri mpya. Betri ya NS40, ile ndogo iliyomo kwenye Vitz na wenzake, ina ampea-saa 35 hivi ikiwa mpya, na yako huenda ina miaka mitatu na asubuhi hutembea kilomita saba tu kwenye foleni kabla ya kuzimwa tena. Panda basi Ijumaa jioni kwenda Moshi, rudi Jumatatu jioni: saa 72 ni zaidi ya ampea-saa 21. Gari halitawaka, na utaanza kutafuta mtu wa kukubusti. Fundi wangu huwa anamaliza kazi kwa sentensi moja, na ni ushauri bora kuliko yote yaliyoandikwa kwenye boksi: "Bosi, ukisafiri chomoa hii fyuzi."

Waya zenye kikata-umeme zinasaidia. Unaziwekea kiwango, tuseme volti 12.2, betri ikishuka hapo kamera inazimika. Betri inapona, lakini kama imechoka kiwango hicho kitafikiwa saa nane au tisa za usiku, ambayo ndiyo saa ya wenye kazi yao. Ukishusha hadi 11.8 kamera itafika alfajiri na betri itakufa mapema. Anayekuahidi vyote viwili kwa betri ya zamani anauza.

Joto nalo lisisahaulike. Gari lililokaa juani Januari huwa tanuri, na kamera imebandikwa kwenye kioo cha mbele, sehemu yenye moto kuliko zote. Zenye betri ya lithiamu ndani, betri hiyo huweza kuvimba. Ukinunua, tafuta inayotumia kapasita (kihifadhi kidogo cha umeme) badala ya betri, na kadi ya kumbukumbu iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Kadi ya simu ya kawaida hufa kimyakimya, na utagundua siku unayoihitaji.

Wanaoitetea kamera wana hoja moja nzito ambayo sijaigusa: kumtisha mwizi kabla hajagusa. Na ushahidi wa kitaaluma unaonekana kuwaunga mkono. Mwaka 2009 watafiti Brandon Welsh na David Farrington walikusanya tathmini za kamera za ulinzi za nchi mbalimbali, wakakuta kwamba mahali zilikofanya kazi vizuri kuliko kwingine kote ni maegesho ya magari, ambako uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 51. Marudio ya kazi hiyo yaliyotoka mwaka 2019 yalipata asilimia 37, bado ni nyingi. Ila usome vizuri walichopima. Ni kamera za kudumu, zilizofungwa juu ya nguzo, mara nyingi pamoja na taa zaidi, mabango ya onyo na walinzi. Zinaona maegesho yote, ubavu wa kila gari. Kamera moja nyuma ya kioo chako haina hata kimoja kati ya hivyo. Ukitaka kutumia utafiti huo, utakuelekeza kuchangishana na majirani mnunue taa kali na kamera moja ya ukutani.

Na kutisha kuna gharama yake. Ili kamera imtishe mtu lazima aione, na akiiona amekwisha kuona kitu kinachouzika. Kioo cha mlango kinavunjwa kwa sekunde moja, na sasa badala ya saitimira tu umepoteza kamera na kioo hicho. Ukiificha, haimtishi mtu. Mimi ningechagua kuificha, nyuma kabisa ya kioo cha kati, na taa yake ndogo inayomweka niizime. Najua wapo watakaonipinga, hasa wanaopaki mahali penye mlinzi, na kwao huenda wana haki.

Tuseme umempata, sura inaonekana. Unakwenda kituoni, unaandikisha, unapewa RB, namba ya taarifa yako polisi. Kisheria video yako si takataka: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, na mahakama itaangalia jinsi ulivyorekodiwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Kwa hiyo kipande ulichokata, ukakiwekea muziki na kukirusha WhatsApp si ushahidi mzuri. Faili la asili, kwenye kadi yake, saa na tarehe ya kamera zikiwa sahihi, ndilo lenye uzito. Kamera nyingi mno mjini zinaonyesha tarehe ya kiwandani kwa sababu hakuna aliyeiweka.

Lakini tatizo kubwa la kituoni halipo kwenye sheria. Mpelelezi atakuuliza: unamfahamu? Usipomfahamu, sura ya kijana mwenye kofia katika jiji la watu mamilioni haimpeleki popote. Hapo ndipo mwenye gari hushawishika kuirusha picha kwenye kundi la mtaa: "Huyu ndiye mwizi wetu, akionekana mpigieni." Hapa nasimama upande wa wanaoziogopa kamera hizi. Tunajua "mwizi!" inaishia wapi kwetu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti mwaka baada ya mwaka mauaji ya wananchi wenye hasira kali. Kijana wa video ya jirani yangu hakuonekana akigusa gari. Huenda ndiye, huenda alikuwa anatoka zamu ya usiku. Watu kumi wenye picha hiyo mkononi wakimkuta hawatauliza.

Upande wa faragha una sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Sheria ya Kenya inamwachia mtu binafsi nafasi kwa matumizi ya nyumbani tu, lakini ukishachapisha uso wa mtu hadharani unaingia eneo jingine: Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliutoza ukumbi wa burudani wa Casa Vera, Nairobi, shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Uholanzi, mamlaka ya data iliibana Tesla, kampuni ya magari ya umeme, kuhusu kamera za magari yaliyoegeshwa, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa kampuni imebadilisha mipangilio ili gari lisianze kurekodi lenyewe kila mpita njia.

Huko kwao mpita njia yuko barabarani. Kwetu gari hulala ndani ya uzio wa nyumba ya kupanga, pua yake ikitazama vyumba sita na choo cha nje. Kihisi cha mwendo kinarekodi mama wa chumba cha tatu akitoka na kanga usiku, kinarekodi nani kaingia kwa nani na katoka saa ngapi. Hakuna aliyeombwa ruhusa. Mwenye gari asiyetaka kugombana na nyumba nzima apaki kwa kurudi nyuma, kamera itazame geti, na awaambie wenzake kuwa ipo. Geti ndiko mwizi atakakopita.

Anayepaki mchana kwenye maegesho yenye msongamano, au mwenye mgogoro na mtu anayemjua, anunue. Anayelala nje na tatizo lake ni saitimira, aanze na kuchora namba, kuvifunga vioo kwa ribiti, na kuchangia taa ya mtaa. Kamera ije baadaye kama hela imebaki. Na mwenye nayo tayari akikuta gari limeguswa asubuhi, achomoe kadi hapohapo kabla ya kuwasha injini. Kadi ya GB 64 hujaa kwa saa nane hadi kumi hivi za kurekodi kwa ubora wa kawaida, kisha inaanza kujifuta kutoka mwanzo, na kama mwizi hakutikisa gari faili lake halikufungwa. Foleni ya Morogoro Road peke yake inatosha kuanza kumfuta.