Valley of Fire inapendeza, lakini Kolo ina wenyewe

Kila ndugu anayekuja Las Vegas kunisalimia, lazima nimfikishe Valley of Fire. Wengi wanaijua Nevada kwa taa za kasino tu, kwa hiyo wakifika pale wanabaki wameduwaa. Ni kilomita kama 80 kaskazini-mashariki ya jiji. Unapita jangwa la kijivu lisilo na kitu, halafu ghafla unaingia kwenye miamba myekundu iliyotoboka, iliyopinda, mingine imesimama kama tembo aliyeshusha mkonga. Tukiwa njiani kurudi, wageni wangu huniambia neno lilelile: wenzetu wanajua kutunza vitu vyao. Ni kweli wanajua. Ila mimi ni Mrangi, nimezaliwa Kondoa, na ninapoilinganisha sehemu hii na milima ya kwetu ya Kolo, yenye michoro ya kale kwenye mawe, sioni kwamba sisi ndio tuliopungukiwa kwa kila kitu.

Nianze na sifa, kwa sababu wanastahili. Miamba ile ilikuwa vilima vya mchanga, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Mchanga ukaganda ukawa jiwe, na chuma kilichomo ndani yake kikashika kutu, ndiyo maana ya wekundu ule. Mwaka 1935 jimbo la Nevada liliitangaza sehemu hii kuwa hifadhi, ya kwanza ya jimbo hilo. Enzi hizo Marekani ilikuwa katika hali mbaya ya uchumi, vijana hawana kazi, na serikali ikawaajiri vijana hao kutengeneza barabara na njia ndani ya hifadhi. Vibanda vya mawe walivyojenga kwa ajili ya wasafiri vipo mpaka leo, vimesimama imara.

Leo unalipa kwa gari, siyo kwa kichwa, na gari lenye namba za Nevada hulipa pungufu ya gari la jimbo lingine. Mimi mgeni wa kutoka Kondoa nalipa bei ya mwenyeji kwa sababu gari langu limesajiliwa hapa. Jumamosi unakuta familia zimekuja na maboksi ya barafu, bibi kwenye kiti cha kukunja, watoto wanakimbizana mchangani. Vyoo vipo, meza zenye vivuli zipo, mabango yanaeleza unachokitazama. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na baadhi ya njia hufungwa kabisa ili watu wasife kwa jua. Hakuna anayejiuliza kama sehemu hii ni ya watalii au ni ya wenyeji. Hapo ndipo nawaonea wivu. Kwetu mtoto anamaliza shule Kondoa mjini bila kupanda Kolo hata mara moja, kwa sababu wakubwa wake walishaamini kwamba kwenda kutazama vivutio ni kazi ya wazungu.

Kivutio chenyewe kikubwa, kwangu mimi, ni michoro. Kuna mwamba unaitwa Atlatl Rock, umewekewa ngazi ndefu za chuma. Unapanda mpaka juu, unajikuta uso kwa uso na ukuta mweusi. Weusi ule ni utando mwembamba wa chuma na manganizi ambao jangwa hulipaka jiwe kwa maelfu ya miaka. Mchoraji alichukua jiwe gumu akagonga, pigo kwa pigo, akautoboa utando mpaka rangi ya ndani ikajitokeza. Ukisogea karibu unaziona alama za kugonga moja moja, vishimo vidogo vilivyobanana. Kuna kondoo-mwitu wenye pembe za kujikunja, kuna miduara, kuna watu walioshikana mikono, na kuna atlatl yenyewe, kile kijiti ambacho wawindaji walikitumia kurushia mkuki ili uende mbali kabla ya upinde kujulikana huko. Baadhi ya kazi hizi zina zaidi ya miaka 2,000. Waliozifanya walikuwa wawindaji, na baadaye wakulima wa Kipueblo, wenyeji wa kale wa huko, waliolima kwenye bonde la Mto Muddy, jirani tu.

Na pembeni ya kazi hiyo, watu wa juzi wamekwaruza majina yao. Kwa hiyo wanaodhani ustaarabu wa kutogusa ni wa kuzaliwa nao Marekani, waje waone.

Sasa twende Kolo. Michoro ya kwetu haikuchongwa, ilipakwa. Wazee wa kale walisaga ngeu, udongo ambao wekundu wake unatokana na kutu ileile ya chuma inayoiwasha miamba ya Nevada, wakachora juu ya mawe, mahali mwamba unapoinama na kuzuia mvua. Utaona twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye nywele zilizotuna namna ya ajabu. Hiyo myekundu ndiyo ya zamani zaidi, ya watu wa kuwinda na kukusanya, na wataalamu wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe. Ile myeupe, minene zaidi, ni ya wakulima waliokuja baadaye. Serikali ya Tanganyika iliitambua kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, miaka miwili tu baada ya Valley of Fire. Mwaka 1951 Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huko akinakili michoro kwa mkono, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na Valley of Fire nzima haifiki 200.

Mnaona basi kwamba tulianza pamoja. Kwa sheria hawakututangulia sana, kwa umri wa michoro hawatuzidi, na kwa ukubwa tumewaacha mbali. Walichotuzidi ni barabara ya kufika kwenye mwamba, choo, bango, na mazoea ya mwananchi kujiona kuwa pale ni kwake. Haya yote yanawezekana, na hayahitaji mfadhili wa kutoka nje. Barabara ya Dodoma kwenda Babati sasa ni lami, inapita Kolo kabisa.

Lakini kuna kitu nilichokikosa Valley of Fire tangu siku ya kwanza, nikachukua muda kukitambua. Ukitoka barabara kuu ya I-15 kuingia njia ya hifadhi, kwenye makutano pana kituo cha mafuta na duka la Wapaiute wa Moapa, kabila la wenyeji asilia. Hii ni nchi yao. Mmoja wa watu wao, waliyemwita Mouse, alijificha kwenye miamba hiyo miaka ya 1890 akisakwa, akawa anakunywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye shimo la jiwe, na njia inayopita kwenye michoro mingi kuliko zote ina jina lake. Basi Wapaiute utawakuta pale dukani, wazima, wanafanya kazi zao. Ukishaingia getini unawasoma kwenye bango. Mara zote nilizokwenda sijamkuta mzee wao amekaa chini ya mwamba akiwaeleza wageni mambo ya pale.

Kolo wenyewe wapo. Kwenye kilima cha Mungumi Warangi bado wanapanda kutambika, mvua ikichelewa au ugonjwa ukizidi. Nilipokuwa mtoto, kule juu hakukuwa mahali pa kuchezea, na bibi hakuhitaji bango la serikali kutufahamisha hilo. Tulipita na heshima zetu. Wataalamu wana hoja yao, kwamba pombe ya mtama inayorushwa ukutani wakati wa tambiko inaharibu rangi, na hoja hiyo siikatai. Ila waliochimba mashimo chini ya michoro wakitafuta dhahabu inayodaiwa kufichwa na Mjerumani hawakuwa watu wa matambiko. Huyo anayekiogopa kilima ndiye mlinzi tuliyenaye, na halipwi mshahara.

Ndiyo maana nikisikia mipango ya kuiendeleza Kolo, hofu yangu siyo kwamba tutachelewa. Hofu yangu ni kwamba tutaiga kila kitu, mpaka uzio, tumtoe mganga wa Kirangi na mbuzi wake, halafu tubandike picha yake kwenye jumba la makumbusho. Ngazi zijengwe, ndiyo, lakini kwanza wazee wa Pahi na Kolo waulizwe zipite wapi na zisifike wapi. Siku za tambiko zijulikane, wageni wasipande. Pombe imwagwe chini, mbali kidogo na ukuta, na anayepaswa kuwaomba hivyo ni mtu wanayemheshimu, siyo barua kutoka wizarani. Na mapato ya getini sehemu yake ibaki kijijini ionekane, hata ikiwa ni kisima tu.

Kwa wenzangu wa ughaibuni mnaorudi Desemba: mkitoka Dodoma kwenda Arusha msipite Kolo mkiwa mmelala kwenye gari. Simameni ofisi ya mambo ya kale, mjiandikishe, mchukue mwongozaji wa palepale na mumlipe vizuri. Mpande asubuhi, mapema, kabla mawe hayajashika joto. Watoto wenu wavae viatu vya kufunga, wasiguse ukuta hata kwa kidole, na mkikuta kuna watu juu wanatambika, subirini chini mpaka wamalize.