Una Ng'ombe Wangapi? Hoja ya Kutetea Utafiti wa Uwandani

Kwenye utetezi wa tasnifu za sosholojia kuna swali lisilokosekana: "Umehoji watu 20 tu, matokeo yako utayajumuishaje kwa jamii nzima?" Mwanafunzi aliyekaa kijijini Bahi au Chamwino, akafuatilia jinsi familia zinavyouvuka msimu wa njaa, hujikuta anaomba radhi kwa kutokuwa na sampuli ya watu 400. Dodoma swali hilo lina nguvu zaidi. Makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yako hapa, wizara zimehamia hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo cha Mipango kila mwaka vinatoa wahitimu wanaosaka kazi za ushauri, na mwenye fedha za mradi anataka asilimia. Maelezo ya watu anayaita hadithi.

Wanaodai namba wana hoja ya msingi. Sensa ya Agosti 2022 ilionyesha kuwa tuko watu 61,741,120, na kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Hilo mtafiti wa ethnografia, yaani anayeishi na watu anaowachunguza, asingelijua hata angezeekea kijijini. Zahanati na madarasa hayapangwi kwa simulizi, na anayesema takwimu hazina maana vijijini huwa hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti.

Lakini namba huanza na swali, na hapo ndipo wengi hupita haraka. Tuseme mdadisi amefika kwenye boma na kishikwambi chake, akamuuliza mzee: una ng'ombe wangapi? Zizini wanaonekana kama 30. Mzee anajibu 10. Kishikwambi kinapokea, swali linalofuata linatokea. Je, mzee amedanganya? Pengine anaogopa kodi au michango, ndiyo. Ila Ugogoni, kwa Wagogo wa Dodoma, ni desturi ya siku nyingi mwenye mifugo kugawa baadhi kwa ndugu na marafiki wamtunzie. Mtunzaji anakamua na kutumia samadi, lakini kuuza si juu yake. Ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, mifugo ya upande wa pili inabaki. Kwa hiyo kati ya hao 30 wapo wa shemeji, na wa mzee wengine wako vijiji viwili mbele. Wapo pia walioingia kama mahari, ambao wajomba na kaka wana neno juu yao. Ukirekodi 10, umemfanya maskini. Ukirekodi 30, umempa utajiri wa watu.

Ongeza sasa sampuli. Hoji kaya 4,000 kwa swali lilelile na utakuwa umelikusanya kosa lilelile mara 4,000, safari hii likiwa na desimali mbili. Hojaji haiwezi kujisahihisha yenyewe kwa kuongezewa watu. Inasahihishwa na mtu aliyekaa, akaona ng'ombe wakihamishwa, akauliza ni wa nani na kwa nini wanakwenda kule. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ng'ombe na ukoo mwaka 1969, alifanya kazi ya namna hiyo. Naye alihesabu, tena sana. Ila alijua anahesabu nini.

Kongwa, hapa hapa Dodoma, tunaikumbuka kwa mpango wa karanga wa wakoloni, mfano mwingine wa namba zilizokusanywa haraka. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield, uliotumwa na serikali ya Uingereza, ulizunguka kwa wiki 9 na kupendekeza kulima zaidi ya ekari milioni 3 Afrika Mashariki na Kati. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umetupwa, na takriban pauni milioni 36 za Uingereza zimepotea. Udongo uligeuka mgumu kama saruji na mvua haikutosha. Mwanatakwimu atasema, na ana haki, kwamba zile zilikuwa takwimu mbovu. Sawa. Lakini Wagogo wanaokumbuka miaka kwa njaa, ikiwemo Mtunya ya 1917 hadi 1920, walikuwa na mengi ya kusema kuhusu mvua ya kwao.

Upande wangu una aibu zake pia. Siku hizi mkabala wa kitaamuli, unaotegemea maelezo badala ya namba, umekuwa kichaka cha anayeikimbia hesabu: mahojiano 12 ndani ya wiki mbili, mwenyekiti wa kijiji akichagua wa kuhojiwa, kisha inaandikwa kwamba taarifa "zilifikia ukomo", yaani hakuna jipya lililokuwa likisikika tena. Hiyo si ethnografia. Majopo ya utetezi yangeacha kuuliza kwa nini watu 20 na kuuliza ulikaa muda gani, nani alikataa kuongea nawe, na daftari lako la uwandani liko wapi.

Daftari hilo ndilo penye ugumu. Mmarekani Alice Goffman, aliyeishi miaka sita na vijana wa Philadelphia waliokuwa wakitafutwa na polisi na kutoa kitabu mwaka 2014, alichoma maandishi yake ili kuwalinda. Wakosoaji walipotilia shaka baadhi ya matukio, hapakuwa na cha kuwaonyesha. Nasi tunabadili jina la kijiji, ila ukiandika kipo Bahi, karibu na reli, na bwawa lake limekauka, kila mtu wa wilaya anakijua. Ukificha zaidi ya hapo, hakuna atakayeweza kwenda kukuhakiki. Sijaona jopo lililotoa mwongozo wa kueleweka juu ya hilo.