Nyongeza Lini?

Nenosiri langu la seva ya ofisi lilikuwa NyongezaLini? na hiyo alama ya kuuliza ni sehemu yake. Herufi kubwa zipo, alama ipo, masharti yote ya TEHAMA yametimia. Na nani angeliona? Ukiliandika, skrini haionyeshi hata nukta.

Siku ya kumwonyesha bosi ripoti za mauzo, kijana wetu wa TEHAMA akaniambia, "Dada, usihangaike na amri zote hizo. Nimekuandalia skripti." Ameiandika kwa Expect, programu ya tangu 1990 inayoongea na programu nyingine kwa niaba yako. Inasubiri ione neno "password", inatuma nenosiri, inasubiri tena, inatuma amri ya kufungua folda, kisha inafika kwenye mstari wa interact, yaani inakuachia kibodi uendelee mwenyewe.

Bosi akasema basi aachiwe yeye. Akaketi, projekta ikawashwa, wakuu wa idara wakageuza viti.

Mtandao siku hiyo ulikuwa unatambaa. Kumbe subira ya Expect ni sekunde 10, labda uipangie nyingine. Zikiisha haisemi kitu, inaenda mstari unaofuata kana kwamba imejibiwa. Seva haijaomba nenosiri, lenyewe limeshatumwa. Na kwa kuwa ssh, programu ya kuingilia seva kwa mbali, ilikuwa bado haijaanza kuficha maandishi, likatua ukutani, herufi za ukubwa wa kiganja.

Mtu wa masoko akakohoa.

"Nani anauliza?" bosi akasema.

Kijana, ambaye hakuna aliyemwomba ufafanuzi: "Hilo ni nenosiri la dada, bosi."

Ndipo seva ikazinduka na kuomba nenosiri. Skripti ikatuma amri ya folda. Ikakataliwa. Ikaona yake yamekwisha, ikamkabidhi bosi kibodi. Bosi akaandika huku akitamka: "Nyo-nge-za li-ni..." Sasa skrini ikakumbuka adabu, haionyeshi kitu. Akadhani kibodi haishiki, akaandika yote upya palepale, akabonyeza Enter. Ikakataliwa tena.

"Imebaki nafasi moja, bosi," kijana akanong'ona. Kwa kawaida ssh hutoa tatu tu.

Akaandika polepole, herufi moja moja, na alama ya kuuliza akaitaja kwa sauti. Ikafunguka.

Akanigeukia. "Mashine imekubali," akasema. "Mimi bado."