Na kofia nani huzishona?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema wasichana wa hapa Lamu wanakwepa ufundi kwa kuwa walimu wamewaambia ni kazi ya kiume. Sawa, lakini hiyo "kazi ya kiume" yenyewe haina mizani. Pita mtaa wa Langoni alasiri, utawakuta wanaume barazani, sindano mkononi, wanashona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, wala hakuna anayewacheka. Biriani ya harusi nayo, ile ya masufuria makubwa, wapishi ni wanaume. Sindano na mwiko vikileta pesa ni vya baba. Visipoleta, vya mama!

Mpwa wangu wa kiume alitaka kusomea uuguzi. Ami yake akamuuliza mbele za watu kama atavaa na buibui. Kaacha, sasa anapakia watalii kwenye boti. Dada yake, hodari wa hesabu kuliko sote, anataka mitambo ya bandarini tangu gati la kwanza lilipofunguliwa 2021. Baba yake hana neno. Wanaomzuia ni shangazi zake: "Nani atamuoa?" Hao shangazi mwandishi kawasahau kabisa, kawalaumu walimu tu. Aje awahoji, kahawa tutamtilia.