Panya Wana Nyumba, Mimi Nimepanga

Muuza dawa ya panya alinikuta uani Jumamosi, nyundo mkononi, misumari mdomoni, nagongelea waya. Mnamjua, yule wa spika begani anayepita Majengo yote na sauti moja aliyoirekodi zamani: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, panya akila hafii ndani. Aliponiona akazima spika.

"Shikamoo mzee. Panya wanakusumbua?"

Nikatema misumari. "Mno."

"Wangapi?"

"Wawili."

Akanitazama vizuri. Panya hawana hesabu, watu husema wamejaa, wamezidi, wamenishinda. Mtu akisema wawili ujue ana lake jambo.

"Basi pakiti moja yatosha, shilingi 50."

"Sitaki dawa mwanangu. Huko unakopita hujaona mtu anauza waya wa nusu inchi, bei ya kuongea? Nawajengea nyumba."

Hakunijibu. Aliwasha spika, akaiwasha kwa nguvu, akairuka nyumba yangu na ya jirani pamoja. Wallahi hata mimi ningeiruka.

Hebu sikilizeni kabla na nyinyi hamjaniita mwehu. Nina miaka 19 bandarini Kilindini, kazi yangu kuhesabu mizigo ya watu. Meli ikifunga gatini, tazama zile kamba nene za kuifungia: kila kamba imevishwa sahani ya bati katikati, kama mtu aliyevaa kola bila shati. Si pambo lile. Ni la kumzuia panya asitembee juu ya kamba akaingia nchini bila pasipoti. Yaani watu wa bahari zote wamekaa wakawaza, wakakata mabati, ili panya abaki huko huko aliko. Na kwetu nilikolelewa, chakula cha jioni kilitundikwa darini ndani ya susu, marehemu bibi akiikaza kamba kila usiku huku akiwatukana panya kwa majina ya mababu zao. Ukoo mzima, baharini na nchi kavu, kazi yetu ni moja. Halafu mimi narudi kazini, napewa maji ya kunywa, naambiwa: "Baba, usikae kwenye kiti hicho, kuna ndoo ya panya."

Ndoo ya rangi, kifuniko kimetobolewa matundu. Ndani wawili, wanawake. Mmoja mweupe pepepe, macho mekundu kama mtu aliyekesha harusini. Wa pili mweupe pia, lakini weusi umemfunika kichwa mpaka mabegani, mfano wa mwanamke aliyejitanda ushungi akasahau nguo nyingine zote. Rafiki ya kitindamimba wangu anahamia Doha na wazazi wake, na panya hawakupata viza. Kitindamimba ana miaka 13 na moyo wa huruma kwa kila kitu isipokuwa vyombo vichafu. Keshawapa na majina: Mahamri na Mbaazi.

Tangu siku hiyo staftahi yangu imeingia nuksi.

Nikasema tumrudishe japo mmoja. Ati haifai, panya hakai peke yake, akikosa mwenzake hunyong'onyea. Nami nilikaa peke yangu Changamwe, chumba kimoja, miaka sita, nimenyong'onyea mpaka mkanda ukaongezwa matundu, hakuna aliyeniletea mwenzangu kwa ndoo.

Mtoto akachukua simu yangu, kwa bando langu, akanionyesha panya mwingine. Magawa, panya buku, kafunzwa Morogoro hapa kwa jirani zetu na shirika la APOPO, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kafichua zaidi ya 100, mabomu na baruti nyinginezo. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu, ndogo, ya kipimo chake. Mimi miaka 19 bandarini sijapewa hata kalenda.

"Na hawa wako wamenusa nini?" nikamuuliza.

"Chakula chako, Baba. Kile ulichoficha nyuma ya redio."

Basi nikaenda duka moja Nyali kuulizia tundu. Shilingi 9,500. Kodi yangu mimi ni 9,000. Nikamuuliza muuzaji kama hiyo ni pamoja na maji na taka, hakucheka. Watu wa maduka yenye kiyoyozi hawacheki. Ndipo nikatamka lile neno ambalo kila mwanamume wa nyumba hii ya dunia amewahi kulitamka akajuta: "Hiki mbona nakitengeneza mwenyewe?"

Uani palikuwa na kabati la vyombo la mama watoto, milango ya vioo, vioo vyenyewe vilikwenda na mvua za El Niño za 1997, na kabati tangu hapo linakaa na ndoo juu yake. Nikaona ndilo hilo, toa rafu moja, ziba milango kwa waya, kwisha. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko. Lile, akasema, ni kabati la harusi yake. Nikamkumbusha miaka yote hii hajalifungua. Akasema si kulifungua, ni kujua lipo. Tukaelewana kwa sharti kwamba jina la kabati litabaki kuwa lake na panya watakuwa wapangaji tu.

Waya nilikuwa nao, salio la enzi zile nilipofuga kuku. Ule wa pembe sita sita. Nikaugongelea jioni nzima, nikapiga na picha. Tukamtia Mahamri. Akaunusa. Akatia pua, akatia kichwa, na panya kichwa kikipita basi mwili mzima umekwisha pita, mabega kwake ni mapendekezo tu. Hata dakika tatu hazikufika. Mtaa wetu paka ni wengi kuliko wapangaji, kwa hiyo kilio alichoangua kitindamimba kilisikika mpaka Mwembe Tayari. Tulimpata saa tano ya usiku ndani ya kiatu changu cha kazi, amekunjika, amelala, na soli ya ndani kaifanya tambi.

Kesho yake nikenda kwenye hadiwea. Kijana akaniambia nachotaka ni kofi tre, ule waya wa matundu ya mraba, nusu inchi kwa nusu inchi. "Wa kukaushia kahawa, mzee?" Nikamwambia naam, kahawa. Heshima ya mtu ni jambo la kulindwa.

Sasa ule waya una visa. Waya wa kuku unaukata kwa mkasi na bismillahi. Huu ni fito kwa fito, kila moja ukiikata inakuachia ncha kama sindano ya cherehani, na ncha zote lazima uzikunje kwa nje na koleo, moja moja, maana wenyewe walio ndani ngozi zao ni laini. Zangu si hoja. Niliazima mkasi wa bati kwa fundi, akanionya nisiupindue. Niliupindua. Nimekata mita mbili za waya na vidole vitatu.

Nikafikiri sakafu nayo niweke waya, mkojo udondoke chini, mambo yawe masafi. Ati hapana. Panya akikanyaga waya mchana kutwa nyayo hufanya vidonda. Basi tubakishe mbao tupu? Hapana, mbao hunywa mkojo, baada ya wiki mbili nyumba nzima itanuka. Nikakata kitambaa cha meza cha plastiki, kile cha mananasi tulichokiweka kwa wageni. Wageni watakula juu ya mbao. Nikamwomba seremala maranda ya kutandika, gunia zima, bure, nikajiona nimepata. Mtoto akalinusa gunia, akauliza ni mbao gani. Paini. Lirudi! Harufu ya paini mbichi hudhuru mapafu ya panya. Nikarudisha gunia begani, na seremala akaniuliza lina kasoro gani. Ningemwambia nini? Nikamwambia limezidi.

Tukatandika magazeti yaliyochanwa, na fulana zangu. Si kuukuu, ni zangu tu.

Halafu ikaja habari ya vitanda. Panya wa kufugwa hupenda kulala juu, kwenye kitu kinachoning'inia na kubembea. Nikakata mguu wa suruali, nikautoboa pembe nne, nikaufunga kwa kamba kwenye dari ya kabati. Nilipomaliza nikakaa kimya. Ilikuwa susu. Susu hasa, kama ya bibi, sema safari hii panya ndiye yuko ndani na mimi ndiye ninayeranda chini kutafuta makombo. Nikamwombea marehemu, nikamwomba na msamaha.

Hesabu yote: waya 900, misumari ya yu 100, bawaba 160, kitambaa kipya cha mananasi, maana mama watoto aligundua, 250, plasta za vidole 50. Jumla 1,460. Nilimshinda yule wa Nyali, na nilimweleza kila mtu barazani mpaka wakaanza kuondoka na vikombe vyao vya kahawa.

Kama ilivyoandikwa, mwenye nyumba akaja. Tarehe tano yeye hajawahi kuikosa. Akalitazama tundu kwa macho ya mtu anayetafuta pesa.

"Hii ghorofa ngapi?"

"Tatu."

"Nyinyi mna ngapi?"

"Chumba na sebule."

Akainama akaona ngazi, akaona susu, akaona kibakuli cha udongo kimejaa maji. Cha plastiki walikula ukingo siku ya kwanza, kwa sababu meno yao ya mbele hayakomi kukua mpaka wafe, mfano wa kodi. "Na maji yapo!" Yapo, saa 24. Sisi tunanunua mtungi kwa mkokoteni, lakini wao hawajawahi kukosa. Akaondoka akinung'unika kitu kuhusu kuangalia upya kiwango cha kodi, ati nimeendeleza jengo.

Paka wa jirani naye hukaa mbele ya tundu kila baada ya isha, mkia umetulia, kama anayetazama mpira.

Nikadhani yamekwisha. Ikaingia Februari. Nyinyi mnaijua Februari ya Mombasa, ile ambayo hata ukuta unatoka jasho. Panya, kumbe, hatoki jasho. Joto lake hulitoa kwa mkia, ule mkia ambao watu wanauona wa kuchukiza ndio kiyoyozi chake. Kitindamimba akawawekea chupa ya barafu, imefungwa soksi yangu, nao wakailalia ubavu. Nikaomba nami barafu ya ukwaju kwenye friji. Imetolewa, nafasi ilihitajika kwa chupa ya panya.

Usiku wa jana nikaamka sina hewa. Feni haipo. Naisikia inavuma sebuleni. Nikaenda nikaikuta imeelekezwa kwenye tundu, Mahamri na Mbaazi wamelala chali ndani ya suruali yangu, ndevu zinapepea. Kuirudisha nikashindwa, mtoto kaifunga swichi kwa kebo tai, zile zile nilizofungia ngazi. Nikatandika mkeka ubavuni mwa kabati, nikajibana mpaka nikapata kaupepo ka mabaki, nikajifunika kikoi changu cha Idi.

Kuna wakati nilihisi kikoi kinatembea. Nikajua ni feni.

Asubuhi niliposimama hakikusimama nami. Walikuwa wamekivuta kwa matamvua, uzi kwa uzi, kupitia matundu ya nusu inchi, na robo yake tayari ilikuwa ghorofa ya tatu, imetandikwa vizuri, wawili juu yake. Nikavuta. Nao wakavuta.