Nani Alizifungisha Ndoa Taa na Kamera?

Juzi shemeji yangu aliyeko Houston, Marekani, kanitumia tena orodha ya kamera za nje zenye taa. "Baba Neema, chagua humo, nikija Desemba nakuletea." Ana moyo mzuri, Mungu amzidishie. Nimeisoma yote, juu mpaka chini, nikitafuta sentensi moja tu. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga, zimeandikwa. Upana wa jicho la kamera umeandikwa. King'ora kina desibeli ngapi, kimeandikwa. Rangi ya fremu, nyeupe au nyeusi, imepewa aya nzima. Umeme ukikatika je? Kimya. Utadhani umeme ni hewa.

Nina kidonda changu kwenye jambo hili.

Kamera ya kwanza aliniletea mwenyewe. Jina la kampuni nalihifadhi, sitaki kesi. Fundi akaifunga juu ya kibaraza, taa mbili pembeni na jicho katikati, usiku ikiwaka unasema Fuso limepaki ukutani. Wiki ya kwanza mtaa mzima ulipata sababu ya kupita kwangu. Watoto wa jirani walihamishia kombolela getini kwa sababu kuna mwanga, ingawa sijui kombolela gani hiyo ya kujificha kwenye taa. Mimi nikawa napita kifua mbele. Mlinzi tuliyekuwa tunachangia nyumba nne nikaanza kumlipa kwa kusuasua. Ya nini mlinzi, nina Houston ukutani?

Ikaja masika. Usiku mmoja wa Aprili, mvua ya kutosha, umeme ukakatika. Asubuhi pampu ya maji haipo, mitungi miwili ya gesi haipo, na kilichoniuma kuliko vyote, beseni la nguo alilokuwa ameloweka mama Neema limemwagwa na kubebwa. Nguo wameziacha kwenye tope.

Nikafungua simu kwa kujiamini kabisa. Picha ya mwisho: saa 7:52 usiku, kumbikumbi wanazunguka taa. Baada ya hapo, kifaa hakipo hewani. Hiyo ndiyo video niliyopeleka kituoni. Askari aliitazama mara mbili, kwa heshima kubwa, kisha akauliza, "Mzee, kati ya hawa unamtambua yupi?"

Wezi wa mtaani kwetu si wajinga. Hawaogopi lumeni. Wanasubiri giza, na giza letu linajitangaza lenyewe: mtaa mzima unazimika kwa pamoja, unasikia "aaah" kutoka kila dirisha. Hapo ndipo kazi yao inaanza. Sasa nieleze, kifaa cha ulinzi kinachokufa sekunde ileile kazi ya mwizi inapoanza, tukiite nini? Mimi nakiita mapambo.

Ukiangalia kilikotoka, kosa si la aliyekibuni. Marekani nyumba nyingi zina kisanduku cha waya tayari juu ya gereji au chini ya paa, kilichokuwa na taa kali za zamani. Unatoa taa, unafunga kamera yenye taa, unashuka kwenye ngazi, umemaliza. Kule kimantiki kabisa. Kwetu taa ya nje inaendeshwa na swichi iliyo ndani, nyuma ya mlango wa sebule, na swichi hiyo ina wenyewe. Mama mkwe alikuja kutoka Lushoto kukaa nasi wiki tatu. Kila asubuhi saa kumi na mbili, baada ya sala, kitu cha kwanza ni kuzima taa za nje. Mimi nahangaika kwenye simu, kamera haionekani, nazima ruta, nawasha ruta, nampigia fundi. Siku ya nne mama akaniona nimesimama kwenye kiti namulika waya. "Baba, kama ni ile taa, nimeizima mimi. Mnawasha mchana, LUKU mnaokota?" Utamwambia nini mama mkwe? Nikasema asante mama.

Haya, tuje kwenye zinazosifiwa. Ring Floodlight Cam Wired Plus ina lumeni 2,000, picha ya 1080p na king'ora cha desibeli 105. Haina mahali pa kuweka memori kadi, na usipolipa ada ya kila mwezi unaona mubashara na kupata taarifa kwenye simu, lakini cha jana hurudii. Yaani umelipia jicho, kumbukumbu inauzwa kando. Nest ya Google yenye taa ina lumeni 2,400, na waifai ikipotea inahifadhi ndani yake matukio ya mpaka saa moja. Angalau hapo kuna mtu alifikiria siku mbaya. Eufy Floodlight Cam 2 Pro ndiyo inayonivutia kwa karatasi: lumeni 3,000, inageuka nyuzi 360, video zinakaa ndani ya kamera na hakuna ada. Zote tatu zinafungwa kwenye waya wa nyumba. Nyumba ikizima, hizo taa nazo zinazima, uwe umenunua lumeni 2,000 au 3,000. Sifuri ukizidisha kwa chochote, Neema wa darasa la tano anajua jibu.

Yupo Arlo aliyekwepa mtego huo. Ile Pro 3 yenye taa ina betri yake, inatoa lumeni 2,000 ikiwa kwenye betri na 3,000 ikichomekwa kwenye umeme. Nampa heko kwa shingo upande, maana siku betri ikichoka utaitafutia wapi nyingine, na ruta ikizimika hiyo taarifa itafika kwenye simu kwa njia gani, kwa njiwa?

Ndiyo maana nasema kosa ni ndoa yenyewe. Taa na kamera ni viumbe wawili wenye njaa tofauti. Kamera ndogo ya nje inakula wati tano hivi. Taa kali inakula mara kadhaa ya hizo. Ukivifunga kwenye mwili mmoja, kamera inayoweza kuishi usiku kucha kwa betri ndogo inalazimika kufa na mwenzake mlafi. Vitenganishe uone. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 (ampea-saa saba), ile ya kawaida iliyomo kwenye ving'ora na kwenye UPS, kile kisanduku kinachoshika umeme ukikatika, inabeba 12 mara 7, wati-saa 84. Kamera wati 5, ruta wati 10, jumla 15. Piga mwenyewe: zaidi ya saa tano kwenye karatasi. Fundi wangu kaniambia nisiamini karatasi, nihesabu nne. Sawa, nne. Kuanzia saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, mwadhini ameshaamka na muuza maziwa yuko njiani. Mwizi wangu alihitaji dakika ishirini.

Na taa je? Taa ya sola ya ukutani, yenye kitambuzi chake cha mwendo, inayojitegemea, haijui kama kuna mgao au hakuna. Usiku umeme unapokatika yenyewe ndiyo inang'aa peke yake mtaani, na hapo kweli inatisha. Kamera iko pembeni, imeshiba kwenye betri yake, memori kadi tumboni, inapata mwanga wa bure kutoka kwa jirani yake taa. Hawajaoana. Wanaishi mtaa mmoja tu.

Kasoro zipo, msinirukie. Taa za sola za Kariakoo zina uongo mtakatifu, kitu cha ukubwa wa sahani ya chai kimeandikwa wati 300. Masika jua likigoma siku tatu taa inawaka kwa aibu. Nayo yenyewe inaibika, kwa hiyo ifunge juu kuliko ngazi ya jirani. Na kamera isiyo na taa yake, giza likiwa totoro, inaona kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, yaani rangi hamna, shati jekundu na la kijani yote kijivu. Anayeishi mahali umeme haukatiki, anunue hiyo ya mwili mmoja, ni safi, tundu moja, waya mmoja, fundi unamlipa mara moja. Mwenye inverta na betri za kubeba nyumba nzima umeme ukikatika pia simgusi. Hizi ni habari za sisi wengine.

Kama lazima viwe pamoja, basi angalieni zile zinazokula umeme kupitia waya wa mtandao, kama Reolink Duo Floodlight ya PoE. Waya mmoja unapeleka umeme na kurudisha picha, lenzi mbili zinaona nyuzi 180. Uzuri wake ni kwamba waya huo unaishia ndani, kwenye kisanduku ambacho unaweza kukiwekea UPS, na mama mkwe hana swichi ya kukizima. Ubaya wake ni kupitisha waya kwenye nyumba ambayo dari lilishafungwa. Mafundi wanajua bei ya kazi hiyo wanapoiona sura yako.

Megapikseli sigombani nazo. Ukali wa picha ni mzuri, ila kofia na barakoa hazijui megapikseli.

Bando nalo. Kamera inayopeleka video kwenye seva za ughaibuni muda wote, kwa megabiti 2 tu kwa sekunde, inameza GB 21 na ushee kwa siku. Siku, si mwezi. Memori kadi ya GB 128 inabeba karibu siku sita za video hiyohiyo na haiombi vocha.

Halafu kuna suala la nani mwingine anatazama. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Ring kwamba wafanyakazi wake walikuwa wanaweza kutazama video za ndani za wateja, na wakakubaliana kulipa dola milioni 5.8. Eufy, waliokuwa wanajinadi kuwa picha zako hazitoki nyumbani kwako, mwishoni mwa 2022 walikutwa picha zinatoka. Wyze, kampuni nyingine ya kamera, Februari 2024 wateja wake kama 13,000 walioneshwa picha kutoka kamera zisizo zao. Fikiria, mtu yuko Ohio anamwangalia mama Neema anaanua nguo. Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu: sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, na bado nusu ya kamera za mtaani kwetu zimeelekezwa kwenye uwanja wa jirani.

Hapo nikiri langu. Ile Fuso yangu ilikuwa inamulika moja kwa moja banda la kuku la mama jirani. Mjusi akipita, taa. Popo akipita, taa. Mjusi mmoja alihamia kabisa kwenye lenzi, anakula wadudu wanaofuata mwanga, saa tisa usiku simu inapiga kelele kwamba kuna mtu getini, unafungua unakuta tumbo la mjusi limejaa kioo kizima. Wiki mbili mama jirani hakusema neno. Ya tatu akanisubiri getini na kapu lake. "Baba Neema, shikamoo za watoto wako nazipata kila siku, sina ubaya na nyumba yako. Ila kuku wangu hawalali, baba. Wanadhani kumekucha. Mayai yamepungua." Niliona aibu kuliko siku ile ya kituoni. Nilikuwa nimejinunulia usalama kwa kumnyima mama wa watu usingizi, na pampu nikaibiwa vilevile.

Siku hizi kamera ndogo iko chini ya paa, imeinama kwenye uwanja wangu tu. Taa ya sola iko kwenye nguzo ya geti, imegeuziwa barabarani. UPS iko juu ya kabati la vyombo, karibu na ruta, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho sikukiomba. Mlinzi nimemrudishia mchango wake na malimbikizo, na amepokea bila kuniuliza Houston inaendeleaje. Umeme umekatika mara nyingi tu tangu hapo. Mara moja nimemwona kwenye video kijana kaja mpaka getini saa nane usiku, mtaa wote giza, taa ikamlipukia usoni, akasimama kidogo kama anayetafuta namba ya nyumba, akaondoka. Sijui alikuwa nani. Shati lake lilikuwa la bluu.

Nimempigia shemeji jana. Nikamwambia shemeji, kamera basi, kama una uzito kwenye begi niletee betri kubwa ya lithiamu ya kuwekea inverta. Akacheka mpaka akakohoa. Ndege haipandishi mzigo wa namna hiyo, shemeji, unataka nifungwe? Basi lete viatu vya Neema vya shule, nikasema. Namba 36, vyeusi, visiwe na taa kwenye soli.