Nani Alikuwa Amelala?

Kila vuguvugu la kisiasa lina mashairi yake ya kuwaamsha watu. Amkeni, inukeni, simameni, kumekucha. Nimeyasoma mengi na mengine nayapenda kwa dhati, lakini kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyozidi kumtilia shaka mpiga mbiu. Amejuaje kwamba watu wamelala?

Mbiu mojawapo mashuhuri katika ushairi wa Kiingereza inatoka kinywani mwa Shetani. Katika Paradise Lost ya John Milton, iliyochapishwa mwaka 1667, malaika walioasi wametupwa kutoka mbinguni, wametapakaa juu ya ziwa la moto, na kiongozi wao anawakemea: amkeni, inukeni, la sivyo mbaki mmeanguka milele. Wanaruka kwa aibu kama walinzi waliofumaniwa wakisinzia zamuni. Milton hakuwa mtu wa kuogopa maasi. Baada ya Mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, alikitetea kitendo hicho kwa kalamu yake, kisha akaishi hadi kuona ufalme ukirudishwa mwaka 1660. Naamini aliifahamu vizuri sauti ya mtu anayewaamsha wengine kwa faida yake mwenyewe.

Mfano unaonikera zaidi, hata hivyo, ni wa mshairi ninayempenda, Mwingereza Percy Shelley. Agosti 16, 1819, watu wanaokadiriwa kufika 60,000 walikusanyika St Peter's Field, Manchester, kudai uwakilishi. Mji ule ulijaa viwanda na wafanyakazi lakini haukuwa na mbunge hata mmoja wa kwake. Watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji na miji ya jirani, wamevaa nguo zao za Jumapili, wamebeba bendera, wanawake na watoto wakiwemo. Kabla ya siku hiyo walikuwa wamefanya mazoezi ya kutembea kwa safu, kusudi wasije wakaitwa wahuni. Wapanda farasi wenye panga wakawaingilia. Watu wasiopungua 15 walikufa na mamia wakajeruhiwa.

Habari zilimkuta Percy Shelley akiwa Italia. Kwa hasira akaandika shairi refu, The Mask of Anarchy, ambalo mwishoni linawataka watu wainuke kama simba baada ya usingizi, kwa kuwa wao ni wengi na watesi wao ni wachache. Ni ubeti mtamu, na mpaka leo haujachoka kwenye maandamano. Lakini rudi kwenye mstari wa kwanza wa shairi hilohilo. Aliyelala pale ni mshairi mwenyewe! Anasema alikuwa usingizini Italia, ndipo sauti ikamjia kutoka ng'ambo ya bahari. Simba wake walikuwa macho tangu alfajiri. Na shairi lenyewe lilichelewa: mhariri aliyepelekewa aliogopa kulitoa, likachapishwa mwaka 1832, miaka kumi baada ya Shelley kufariki. Mwaka huohuo sheria ya mageuzi iliipa Manchester wabunge wake wa kwanza wa zama mpya.

Unaweza kusema nambana mshairi bure, kwamba usingizi ni tamathali tu. Sikubali. Tamathali hii ina kazi inayofanya, na kazi yenyewe ni ya kisiasa. Anayedai kuwa amekuamsha amejiandikia hati ya kumiliki siku yako nzima. Kama watu walikuwa wamelala, basi kuinuka kwao ni mali ya aliyepiga kelele. Kama walikuwa macho, wakipima lini waondoke na watalipa nini, basi yeye ni mmoja wao tu.

Tazama Haiti, wakati huo koloni la Wafaransa. Agosti 1791, watumwa wa mashamba ya miwa ya kaskazini walikuwa wamekwisha kukutana kwa siri, wawakilishi kutoka shamba hadi shamba, wakapanga, kisha wakayatia moto. Toussaint Louverture, aliyekuja kuwa kiongozi wa mapinduzi yale, wakati huo alikuwa tayari mtu huru, na alijiunga nao baadaye. Uwezo wake wa kivita na wa kidiplomasia sina neno nao. Bila yeye huenda mambo yangekwenda vingine. Lakini katiba ya mwaka 1801 ilimfanya gavana wa maisha, na amri zake ziliwarudisha waliokuwa watumwa kwenye mashamba yaleyale, safari hii kwa ujira na chini ya ulinzi wa kijeshi. Walipoasi tena mwaka huohuo, alimuua Jenerali Moïse, aliyekuwa akimwita mpwa wake, kwa kuhusishwa na uasi huo. Vitabu vingi kuhusu mapinduzi yale vina jina la Toussaint kwenye jalada. Wale wa usiku ule wa Agosti, ukimwondoa Boukman, mmoja wa viongozi wao, na wenzake wachache, hawana hata jina.

George Orwell aliliona jambo hili vizuri kuliko anavyosifiwa. Wasomaji wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, wanakumbuka nguruwe na hotuba zao, miezi na miezi ya mafunzo ya usiku. Wachache wanakumbuka uasi wenyewe ulianzaje. Bwana Jones, mwenye shamba, alilewa, wanyama hawakulishwa, na ng'ombe mmoja akavunja mlango wa ghala kwa pembe zake. Ng'ombe huyo hatajwi jina. Hakuna nguruwe aliyetoa amri siku ile, ila baada ya muda mfupi nguruwe ndio waliokuwa wakieleza maana yake. Na kitabu kinaelekea mwisho kwa kuinuka kwingine, kwa maana halisi kabisa: nguruwe wanatoka nje wakitembea kwa miguu miwili.

Wimbo wa kuamsha una haki yake pia, nikiri. Mfaransa Eugène Pottier aliandika Internationale, wimbo wa wafanyakazi, mwezi Juni 1871, akiwa mafichoni Paris, wiki chache baada ya Komyuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo, kuzamishwa katika damu. Wimbo unaowaita walaaniwa wa dunia wasimame uliandikwa na mtu ambaye wenzake walikuwa wamekwisha kusimama na kupigwa risasi. Pale hakuna dharau. Anawaimbia walioanguka, naye yuko kati yao.

Hilo linanileta kwenye vita ya Maji Maji, ambako mpiga mbiu mwenyewe ndiye tatizo. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha watu wa kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, siku ambazo mashamba yao yalihitaji mikono, kwa malipo ya kejeli. Habari za maji ya nabii Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminika kumkinga mtu na risasi, zilipita kwa siri ukoo hadi ukoo. Kisha, mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete, Umatumbi, walipanda hadi shambani wakang'oa mashina ya pamba. Mashina yalitosha, walijua hakuna mtawala atakayepuuza kitendo kile, na vita ingewafuata walipo. Hesabu ya namna hiyo haipigwi na mtu aliyetoka usingizini. Agosti 4 Kinjikitile akanyongwa. Vita ilikuwa haijamaliza hata wiki mbili, na bado ikaenea hadi Ungoni na kwingineko, ikaendelea hadi 1907. Makadirio ya vifo yanatofautiana sana, kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mazao na maghala.

Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake Kinjeketile (ndivyo anavyoliandika jina hilo), iliyotoka mwaka 1969, angeweza kutuletea nabii anayewaamsha waliolala. Wasanii wengi wa kipindi kile cha uhuru mpya wangeshawishika. Badala yake anamweka jukwaani mtu anayeliogopa neno lake mwenyewe: amelizaa, limekua, sasa linamtawala aliyelizaa. Anawaomba wapiganaji wasubiri, hawasubiri. Mwishoni yuko kifungoni, na Kitunda, kiongozi wa wapiganaji, anamsihi aseme kwamba maji yalikuwa uongo, ili mateso yaishe. Anakataa. Nimesikia wasomaji wakiuita ukaidi, au kiburi cha nabii. Mimi nauona kinyume chake. Yeye mwenyewe hana tena hakika na maji. Anachokijua ni kwamba akiyakana, Wajerumani hawataishia kuwaambia watoto kuwa maji yalikuwa uongo. Watawaambia kuwa baba zao walikosea kupigana. Maji labda yalikuwa yake ayakane. Kupigana kulikuwa kwa wale walioing'oa pamba, na hilo hakuwa na ruhusa ya kulikana kwa niaba yao.